Jogoo wa Mvinyo Pasipo Mvinyo

Siku ya kuniaga pale hosteli mlinipa seti ya sufuria. Nimesugua sufuria tangu usichana wangu hadi magoti yakaanza kulia nikiinama, nanyi mkakaa kikao, mkachanga, mkaona kitakachonifurahisha uzeeni ni sufuria. Asanteni. Nimeziweka juu ya kabati zikiwa bado na karatasi zake, na zitakaa huko huko.

Mliniomba pia niandike machache ya kazini, ili wanaoingia jikoni sasa wajue sisi tulipita wapi. Vyeo na mishahara sitavitaja, maana vya kutaja ni vichache na mtanicheka. Nitawaandikia jinsi nilivyojifunza kazi. Nilijifunza kwa mzee mmoja na jogoo mmoja, na kati ya hao wawili jogoo ndiye aliyekuwa laini zaidi, tena baada ya saa nne jikoni.

Nilishuka kutoka Vudee, milimani kwetu Upareni, nikiwa na miaka ishirini na miwili, wakati ambao sukari ilikuwa habari na sabuni ilikuwa uvumi. Mkisikia watu wa umri wangu wakisema miaka ya foleni, msidhani ni foleni ya benki. Ulipanga mstari kwanza, ndipo ukauliza mbele kunauzwa nini. Shangazi yangu mmoja alipanga saa tatu akaondoka na viatu vya gumboot, vyote vya mguu wa kushoto, na akashukuru.

Kazi niliipata Same mjini, nyumbani kwa Mfaransa mmoja mtaalamu wa maji. Mji mzima ulimwita Bwana Maji. Alikuwa mtu mwema, anachimba hapa, anapima pale, anachora ramani nzuri kweli kweli, na nyumbani kwake tuliendelea kununua maji kwa madebe kutoka kwenye mkokoteni. Mkewe tulimwita Madamu. Alikuwa mwembamba, mwenye hasira za karibu na kicheko cha karibu zaidi, na Kiswahili chake wakati ule kilikuwa cha kuokota okota. Alitaka msichana wa kumsaidia mpishi wake, Mzee Ausi, ambaye macho yalianza kumsumbua.

Mzee Ausi alikuwa Myao wa Tunduru. Alikuja ujanani kukata mkonge katika shamba moja huko tambarare, wakagundua ugali wake hauna mabonge, wakamtoa shambani wakampeleka jikoni kwa meneja. Tangu hapo hakushika panga tena ila la kuku. Alipikia Wagiriki, alipikia Waingereza, na Uhuru ulipokuja akaendelea kupika, kwa maana watu hula chini ya bendera yoyote. Hakuwa na mke wala mtoto. Barua za kwao zilikoma kuja miaka mingi nyuma. Chumba cha uani pale kwa Madamu, chenye kitanda cha kamba na msala wake ukutani, ndicho kilikuwa kwake, hapakuwa na pengine.

Siku ya kwanza nilimkuta amekaa kwenye kigoda anachambua mchele.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unajua kupika?"

"Najua."

"Unajua kupika nini?"

"Makande."

Akacheka mpaka mchele ukamwagika. "Makande hayapikwi, mwanangu. Makande yanasubiriwa."

Niliudhika wiki nzima. Sisi Wapare tunasemwa kwa mengi, kwamba ni wabahili, kwamba tutauza ng'ombe ili tupate nauli ya kwenda kushtakiana juu ya kuku, na yote hayo nayavumilia kwa kuwa mengine ni kweli. Lakini makande yaachwe. Baadaye ndipo nilielewa kwamba hakuwa ananitukana. Alikuwa ananipima kama nina moyo wa kusubiri chungu.

Mwezi wa kwanza hakuniruhusu kushika mwiko. Niliwasha mkaa. Nilijifunza makaa ya kukaangia na makaa ya kuchemshia taratibu, na jinsi ya kupalia, yaani kuweka makaa juu ya mfuniko ili chakula kiive kutoka juu na chini. Madamu alikuja na chungu chake cha chuma kutoka kwao, cheusi, kizito, chenye mfuniko unaoketi barabara. Ukikiangushia mguuni unastaafu siku hiyo hiyo. Kwa chungu kile na makaa machache Mzee Ausi alifanya mambo ambayo ninyi na jiko lenu la gesi la moto sita hamjayafanya, na sisemi hivi kwa wivu, ingawa kidogo ni wivu.

Jambo lililonishangaza zaidi lilikuwa hili: mzee yule alipika vyakula ambavyo hajawahi kuvionja. Chenye nguruwe hakionji, chenye mvinyo hakionji. Alisikiliza chungu kinavyochemka, alinusa mvuke, alichovya mwiko akaugeuza, akapitisha kidole mgongoni mwa mwiko, na kama mstari wa kidole ulibaki bila mchuzi kuurudia, basi mchuzi umekuwa. Nilimuuliza vipi anajua mvinyo umekolea kama hauingizi mdomoni.

"Ulimi ndio uliosilimu, mwanangu," akasema. "Pua sikuiuliza."

Mimi nami nilikuwa na yangu. Baba yangu, Mzee Elieza, alikuwa mzee wa kanisa la Kilutheri kule Vudee, na kila alipopewa nafasi ya kusema neno kanisani, neno lenyewe lilikuwa pombe. Siku ya kipaimara changu alinisimamisha mbele ya ukoo nikaahidi sitaigusa. Kwa hiyo jiko la Mfaransa, watu wa mvinyo tangu kuzaliwa kwao, lilikuwa mikononi mwa wapishi wawili ambao hakuna hata mmoja aliyejua mvinyo una ladha gani. Madamu aliliona jambo hilo la kuchekesha. Halikuchekesha muda mrefu.

Sasa nakuja kwenye kosa langu, na naomba msome mkijua kwamba mafuta ya taa yalikuwa hayajaonekana Same kwa wiki tatu.

Asubuhi moja ukapigwa ukelele mtaani kwamba duka la ushirika limepata mafuta ya taa. Masharti yalikuwa yale yale: njoo na chupa yako. Chupa enzi hizo ilikuwa mali, watu walirithishana. Zetu zote zilikuwa na maziwa au asali. Nikakimbilia stoo nikapekua, na nyuma ya gunia la mkaa nikakuta chupa nzuri nyeusi, ina vumbi, imelazwa ubavu sakafuni. Kwetu kitu cha maana hakilazwi sakafuni. Nikasukuma kizibo kwa msumari, nikanusa. Uchachu mtupu. Nikajisemea siki imeharibika hii, nikaimwaga yote kwenye shina la mgomba pale uani, nikasuuza, nikawahi foleni. Nilirudi na chupa imejaa mafuta ya taa, najiona mtu wa maana.

Mzee Ausi alipita kwenye mgomba, akasimama, akanusa, akarudi kinyumenyume.

"Binti, mgomba umelewa."

Ndipo aliponieleza. Chupa ile Madamu alipewa na mama yake mzazi siku ya kuagana. Ilikuwa ni ya kupikia jogoo wa mvinyo, chakula cha mama huyo, siku ambayo Madamu angepata jogoo wa umri unaofaa na sababu inayofaa. Ililazwa makusudi, eti kizibo kisikauke. Nilikaa chini pale pale kwenye majivu. Mzee akaniangalia, akasema, "Hajaiuliza. Akiiuliza tutajua." Tukanyamaza wote wawili. Miezi mitatu nilipita mbele ya mgomba ule nikiinamisha kichwa.

Jumatano moja ikaja telegramu. Bwana Maji aliisoma mlangoni, akaingia chumbani na kufunga mlango. Mama yake Madamu alikuwa amefariki. Ilipofika kwetu alikuwa ameshazikwa siku nane.

Madamu alikaa ndani Jumatano na Alhamisi yote. Nilimpelekea uji, ukarudi. Nilimpelekea mayai, yakarudi. Ijumaa asubuhi akatoka na gauni lile lile la juzi, nywele hazijachanwa, akaingia jikoni akafunga aproni.

"Jumapili mimi pika jogoo ya mama," akasema. "Mimi mwenyewe."

Mzee Ausi akamvua aproni taratibu kama anayemvua mtoto shati lenye matope. "Hapana, Madamu. Mfiwa hapiki."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu amefiwa."

Hakukuwa na maelezo mengine na hatukuyatafuta. Kwetu sisi na kwao Tunduru jambo hili ni moja: aliyefiwa anakaa, majirani wanawasha moto. Madamu alitutazama mmoja baada ya mwingine. Nadhani hakuwa na nguvu za kubishana. Akakaa kwenye kigoda cha mzee na machozi yakamtoka bila sauti.

"Basi ninyi pika," akasema. "Chupa iko stoo. Nyuma ya mkaa."

Nikifukuzwa, narudi Vudee kwa baba nikiwa mwizi wa mvinyo wa marehemu. Hilo lilikuwa dogo. Kubwa ni kwamba huyu mwanamke alikuwa hajala siku mbili, na kitu kimoja alichokitaka duniani mimi nilikuwa nimekinywesha mgomba.

Mchana ule nilizunguka mji mzima. Maduka yalikuwa na chumvi, viberiti na picha ya ukutani. Nikaenda misheni ya Wakatoliki, nikagonga kwa mtawa mtunza sakristia, mama mnene mwenye miwani.

"Wewe si binti wa Mzee Elieza wa Walutheri?"

"Ndiye, sista."

"Na unatafuta divai?"

"Natafuta, sista."

Alinitazama kana kwamba nimekuja kuhama dini kwa mkato. Akanieleza kwa upole kwamba wamebakiwa na chupa moja, na padre anaipima kwa kijiko cha dawa. Aliniombea, nikatoka.

Jumamosi alfajiri nilipanda lori la mbolea mpaka linapoishia, nikamaliza kilima kwa miguu. Nilikuwa nakwenda kumwomba baba jogoo tu. Kuhusu mvinyo nilikuwa sina wazo lolote. Nilimkuta shambani anapalilia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umefukuzwa?"

"Bado."

"Basi karibu."

Nikamweleza yote, na mgomba ndani yake, maana baba yangu ukimficha nusu ataitafuta. Alisikiliza akiegemea jembe. Nilipofika kwenye telegramu akavua kofia.

"Mama yake amezikwa yeye hayupo?"

"Siku nane kabla hajajua."

Akaenda nyuma ya migomba, akakaa huko kitambo, akarudi na kibuyu kilichozibwa kwa gunzi la mahindi.

"Chukua. Ni dawa ya kifua."

Nikanusa. Mimi si mnywaji, lakini nimezaliwa Upareni. Ilikuwa dengelua, pombe yetu ya miwa, iliyochacha ikatulia, kazi ya mtu aliyeizoea.

"Dawa ya kifua cha nani, baba?"

"Cha mtu anayewauliza wazazi wake maswali." Kisha akashusha sauti, ingawa shambani tulikuwa wawili tu na kunguru. "Mtu amefiwa na mama yake, anataka kula chakula cha mama yake. Ulitaka nimpelekee Katekisimu?"

Akanikamatia na jogoo mwenyewe, dume kubwa jekundu lenye miguu kama kuni. "Miaka minne huyu ananikatiza sala ya asubuhi," akasema. "Aende akatumike."

Nikashuka. Njiani nilisalimiana na nusu ya kwaya ya wanawake, jogoo kwapani, pombe ya mzee wa kanisa chini ya kanga. Walinisifu kwa kwenda kumsalimia baba. Tangu siku ile baba akisimama kusema neno kanisani nilikuwa nasikiliza kwa makini sana, naye alikuwa anatazama madirisha.

Sasa nisikilizeni wanaotaka kujua kazi. Jogoo mzee haogopwi, anapewa muda. Mzee Ausi alimchinja akimwelekeza kibla, damu yote ikaenda ardhini. Madamu aliwahi kutuambia mama yake aliihifadhi damu kwenye bakuli na kuitia mchuzini mwishoni iukaze, na mzee alimjibu kwamba yuko tayari kufanya mengi, ila si hilo. Badala yake tuliweka maini kando. Tulimnyonyoa, tukaunguza vinyweleo, tukamkata vipande kumi. Tukachemsha maua makavu ya rozela kidogo mpaka maji yakawa mekundu ya kuiva, tukayapooza, tukayachanganya na dengelua. Rangi ilikuja. Ningekuwa nusu kipofu ningesema ni mvinyo. Mle tukalaza vipande pamoja na karoti, vitunguu, saumu na tawi la majani yenye harufu ambayo Madamu alipanda kwenye kopo, na tukafunika mpaka Jumapili asubuhi.

Jumapili sikwenda kanisani. Vipande vilipanguswa vikakauka kabisa, maana kipande chenye maji hakikaangiki, kinachemka huku kinakudanganya. Mafuta ya nguruwe tuliyaruka kwa sababu za mzee, tukatumia samli. Tukakaanga mpaka kila upande ukawa kahawia, tukanyunyiza unga kijiko kimoja, tukamwagia ile dengelua yetu nyekundu, ikaunguruma. Kisha mfuniko, makaa machache chini, machache juu, na kukaa. Saa nne. Kila robo saa nilipotaka kufunua mzee alinipiga kidole kwa mwiko.

"Mpare gani asiyejua kusubiri makande?"

Uyoga na vitunguu vidogo vilikaangwa kando vikaingia mwishoni. Maini tuliyaponda na unga wa kukaangwa yakakaza mchuzi. Mzee akapitisha kidole mgongoni mwa mwiko. Mstari ukabaki.

"Umekuwa," akasema. "Lakini kama umekuwa nini, sijui. Harufu hii siijui. Lazima mmoja aonje."

Tulitazamana. Yeye hakuweza, hilo sikutaka hata kulifikiria. Nikamwomba Mungu radhi kwa ufupi, nikachota. Ulikuwa mchachu halafu mtamu halafu kitu fulani cha moshi nyuma ya koo. Ulikuwa mtamu kweli. Lakini ningejuaje kama ndio wenyewe? Katika nyumba ile mtu mmoja tu ndiye aliyewahi kuula mchuzi tulioujaribu, na huyo ndiye tuliyekuwa tunamdanganya.

Mkate hatukuwa nao, nikasonga ugali. Madamu alikuja mezani ameosha uso. Bwana Maji akaonja kwanza akasifu, lakini Bwana Maji alikuwa anasifu hata maji ya moto. Madamu akachota mchuzi kijiko kimoja. Akakaa nao mdomoni. Akaweka kijiko chini.

"Nakunda," akaniita kwa jina langu. "Chupa iko wapi?"

Tangu Ijumaa nilikuwa nimetengeneza uongo mzuri sana. Ulikuwa na paka ndani yake, na rafu iliyovunjika. Nikafungua mdomo kuutoa, nikamwona macho yalivyomvimba, nikashindwa. Nikaenda stoo, nikarudi na chupa, nikaiweka mezani mbele yake ikiwa na mafuta ya taa nusu. Nikasema yote. Foleni, msumari, mgomba. Sista na kijiko cha dawa. Hata kifua cha baba yangu nilikitaja, Mungu anisamehe.

Mzee Ausi alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi. "Madamu," akasema, "kama ni kufukuza, tufukuze wawili. Mimi nilijua siku ile ile."

Mtu yule hakuwa na pa kwenda nje ya geti lile. Nilitaka kumziba mdomo.

Madamu akaivuta chupa, akainusa. Akakunja uso. Akanusa tena. Halafu mabega yakaanza kumtikisika, nikajua tumekwisha, kumbe anacheka. Alicheka mpaka akashika meza, na machozi ya siku nne yakatoka humo humo ndani ya kicheko, na Bwana Maji hakujua ashike kipi.

"Mama yangu angepiga wewe na mwiko," akasema alipopata pumzi. "Sana. Halafu angeomba ile kibuyu."

Akavuta sahani. Alisema wazi kwamba huyu si jogoo wa mama yake, hata hakaribii. Akamla. Alianza kwa uma, akamaliza kwa mkono, anamega ugali anachovya, paja zima na kidari nusu. Mimi na mzee tulisimama pale kama askari wa gwaride na hakuna aliyethubutu kukaa. Nilisikia raha ambayo sijaipata tena jikoni, na nimepikia wakubwa wengi. Nilipotaka kuimwaga chupa ili niioshe, akanikataza. Kesho yake hakukuwa na hakika ya umeme, akasema, mafuta yabaki humo humo.

Miaka ya ruksa ikafuata. Kila kitu kikaruhusiwa na kila kitu kikaja kwa mpigo, mitumba, redio, sabuni za rangi saba. Siku moja nilikuta mvinyo dukani pale Same, umepangwa rafu moja na dawa ya mende. Bwana Maji alikuwa ameongezewa muda, bado anatafuta maji. Nikanunua chupa mbili, nikampikia Madamu jogoo wa mvinyo mwenye mvinyo, sawasawa na alivyonifundisha. Akala, akasema, "Ni huyu sasa." Sahani ya pili hakuomba.

Mzee Ausi macho yalikuwa yameshafunga. Hakuondoka kwenye chumba chake, Madamu hakutaka kusikia habari hiyo. Alikaa kwenye kigoda mlangoni mwa jiko akinusa na kunikosoa. Nilipoanza kutumia viungo vya pakiti aliniuliza kama nimeajiriwa na kiwanda. Vijana wangu, mnajua nawasema akina nani.

Alifariki asubuhi ya Ijumaa, amekaa, anasubiri maharage yangu. Watu wa msikitini walikuja wakafanya yao kwa heshima, akazikwa baada ya swala. Waliporudi uani watu walikuwa wengi kuliko nilivyodhani, wakata mkonge wa zamani, wauza mkaa, shemasi mmoja. Nikaona jua limepanda na hakuna aliyewasha moto. Nikainuka nikavuta kuni. Nani mwingine? Hakuwa na mtu.

Mkono ukanipokonya kuni. Madamu alikuwa amejifunga kanga mbili, moja imekaa vibaya.

"Kaa chini, Nakunda. Mfiwa hapiki."

Mama mmoja kwenye jamvi akasema kwa sauti ya chini kwamba huyu si ndugu yake, huyu ni Mpare na marehemu alikuwa Myao. Madamu akamgeukia. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka siku nyingi.

"Huyu ni binti yake," akasema.

Nikakaa. Nililia kama nilivyokuwa sijalia tangu asubuhi.

Chungu cha chuma alikiacha ndani, akasema kimekunywa sana hakifai leo. Akaazima sufuria kubwa ya msikitini. Majogoo watatu akachinjiwa na mwadhini. Mvinyo dukani ulikuwa tele, naye akatia maji na ukwaju, na akapuliza moto wa mafiga matatu mpaka kope zikaungua, akikataa kila aliyetaka kumsaidia. Nilimtazama kutoka kwenye jamvi akifanya makosa. Vipande hakuvikausha. Mfuniko alifunua kila dakika tano. Chumvi alitia, akasahau, akatia tena. Mikono yangu iliwasha, lakini nilikaa.

Akaniletea sahani kabla ya watu wote, akachuchumaa mbele yangu, masizi usoni.

"Vipi?"

Nyama ilikuwa ngumu. Nikamwambia ukweli, kama tulivyozoeana tangu siku ya chupa, kwamba chumvi imezidi na jogoo hakusubiriwa. Akatikisa kichwa kukubali. Nikamaliza sahani yote, nikamsogezea aniongeze.